Siku Uliponikaribisha Kama Mgeni

Mwanangu Adela,

Sikuulizi hali, maana asubuhi tu umetoka hapa ukiwa mzima kabisa, ukinigombeza kwamba nimekujazia karanga kwenye begi la safari lisilo na nafasi. Nilizitoa ulipokuwa unaniangalia. Mlipopanda gari kwenda Kibondo nikazirudisha.

Sasa ni saa tisa na nusu mchana. Nimekaa kwenye meza ya marehemu baba yako, ile aliyokuwa akisahihishia madaftari, nakuandikia badala ya kusubiri urudi tuzungumze. Ukirudi utakuwa umechoka na kukabidhi nyumba na kuagana na watu, na mumeo Zabron atakuwa anambembeleza Joeli mdogo. Halafu wewe umekaa miaka minane na wakimbizi kambini Nduta ukihudhuria vikao na wakubwa wa mashirika. Nikifungua mdomo tu unanishinda kabla sijameza mate. Kwenye karatasi angalau utanisikiliza mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni Kadia, mwanao mkubwa. Tulikubaliana kwamba wewe, mumeo na Joeli mtaondoka kesho, na Kadia atabaki Kasulu na mimi mpaka mtulie huko Dakar. Leo nayarudisha maneno yangu. Simpokei. Kesho alfajiri anapanda basi pamoja nanyi, na mimi nabaki.

Najua umeshakunja uso. Kunja, lakini endelea kusoma.

Mimi ndiye niliyeanza, na hilo nataka tuliweke sawa kwanza. Uliponipigia simu kwamba shirika linakuhamishia Senegali na familia yako yote, nilikupongeza, kisha kabla hujamaliza kueleza nikasema, "Huyo mkubwa niachie mimi mpaka mtulie." Nikatoa sababu nzuri nzuri. Nikasema asikatishwe darasa la kwanza katikati, nikasema Kifaransa kitamchanganya. Zote zilikuwa sababu za kuokota njiani. Ukweli ni kwamba tangu tumzike baba yako nyumba hii imenizidi ukubwa. Nilitaka mtu wa kunijibu nikisema. Wewe ulidhani unanitwisha mzigo, ukanishukuru mara tatu, nami nikazipokea shukrani zako bila haya. Nisamehe, mwanangu.

Na hapa Buha, kwetu Waha, nani angetushangaa? Mtoto akishaacha ziwa, kwenda kukaa kwa bibi yake ni jambo la kawaida, wala halijadiliwi. Shangazi zako wote walisema tumefanya vizuri. Ndiyo maana hakuna aliyekuzuia, na hakuna aliyenizuia mimi zamani.

Jumapili mlimwambia Kadia. Hakulia. Ulinifuata jikoni ukasema, "Mama, kaelewa vizuri tu, hana shida." Nikaitikia. Lakini tangu Jumatatu mjukuu wangu anaomba ruhusa. Huyu huyu anayechomoa muhogo sufuriani ukiwa bado unachemka, sasa anasimama mlangoni. "Bibi, naomba maji ya kunywa." "Bibi, naweza kukaa hapa?" Jana ameniuliza kama anaruhusiwa kumfukuza kuku aliyeingia sebuleni. Jirani mmoja alikuwepo, akamsifu, "Mtoto ana adabu huyu, kafundwa." Nikatoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye tofali. Adabu ile naifahamu. Niliwahi kuiona kwako.

Hatujawahi kuyazungumza haya, mimi na wewe. Tunayataja kwa juu juu, kwamba ulikaa kwa bibi kule Rungwe Mpya, kwamba baadaye ulikuja Botswana ukajua Kitswana kutushinda sote, tunacheka, tunaendelea na mengine. Sehemu ya katikati huwa naikwepa.

Ulikuwa na miaka minne baba yako alipopata mkataba wa kufundisha hesabu Botswana. Walimu wengi wa Tanzania walikwenda wakati ule. Mama yangu alikuwa amefiwa na mumewe, anaishi peke yake kule Rungwe Mpya na shamba lake la maharage na mihogo. Aliniomba, "Niachie huyu mkubwa mpaka mtulie." Maneno yale yale, Adela. Niliyatoa kwake, nikakupa wewe bila hata kubadilisha moja.

Mkataba wa baba yako uliruhusu watoto. Sikuwahi kukuambia hilo. Miaka yote nimekuacha uamini kwamba haikuwezekana, kwamba serikali yao ilikataa, au ilikuwa nauli. Hakuna aliyekataa. Nilikuwa na mimba ya Filbert, nilikuwa naogopa nchi nisiyoijua, na nikaona kuanza maisha mapya bila mtoto wa kukimbizana naye kutanipa nafuu. Tena nilimwogopa mama yangu. Nilijisemea ni miezi sita. Miezi sita ikawa mwaka, kwa sababu Filbert alizaliwa mdogo mno. Mwaka ukawa miwili na kitu, na wa hapo sina hata sababu ya kukupa. Nilikuwa nimezoea kutokuwa nawe. Kuliandika neno hili kunaniuma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha nikaja kukuchukua. Nilishuka Kasulu na Filbert mgongoni, nikalala kwa shangazi yako, na asubuhi nikapata gari la kwenda Rungwe Mpya. Njia nzima nilikuwa nakuona unavyonirukia shingoni.

Ulitoka jikoni kwa bibi yako, una miaka saba, mrefu, umenyolewa nywele. Ulinitazama. Ukapiga magoti pale uani, ukapiga makofi polepole kama ulivyofundishwa, ukaniamkia, "Mwakeye," kwa sauti ya chini, ukasubiri nikuitikie. Ukaniletea kiti. Ukaniletea maji ya kunawa. Ukaingia ndani ukatoka na chai kwenye kile kikombe cha maua ambacho bibi yako alikuwa anamtunzia padri.

Na mimi nikafanya nini? Nikafurahi. Nikamwambia mama, "Ee, umenilelea mtoto, angalia heshima hiyo." Nilinywea chai kikombe cha padri huku najivuna.

Baadaye nilikuwa chumbani natoa nguo nilizokuletea, nikakusikia nje ukimuuliza bibi yako kwa Kiha kama wageni wataondoka kabla ya kuvuna maharage au baada. Bibi akakuambia, "Nyamaza wewe, yule ni mama yako." Ukaitikia, "Ego, najua." Ulijibu taratibu tu, huna hasira, huna kinyongo, mtu anayekubali habari aliyokwisha kuambiwa. Kisha ukauliza tena habari ya maharage.

Nilikaa na gauni lako mikononi mpaka Filbert alipoanza kulia.

Nilikuchukua, na bibi yako alijifungia ndani hakutoka kutuaga. Nilimlaumu miaka mingi kwa kuniomba mtoto. Siku hizi simlaumu. Alikuwa mjane kama mimi nilivyo sasa, na aliyepaswa kumwambia hapana nilikuwa mimi.

Unakumbuka nyumba ile ya shule kule Botswana? Huenda unakumbuka maboksi. Yalikuwa manne, yamepangwa sebuleni, yamefungwa selotepu tangu siku tuliyofika. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya maua, mashuka ya harusi, mapazia, vitu vyetu vizuri vyote. Baba yako alikuwa mtu mwema, lakini kila nilipotaka kufungua boksi alisema, "Tuko safarini, mama Adela, usichoshe vitu." Tulitandika magodoro chini kwa sababu vitanda tungenunua kwetu. Madirishani tulitundika khanga. Jumamosi tulikwenda mji wa jirani kwa Watanzania wenzetu, na hadithi zilikuwa nani amefyatua tofali, nani amepandisha mabati. Jirani yetu alipofiwa, tulimtumia salamu za rambirambi kwa mkono wa mtoto wake. Mha anayetuma salamu kwenye msiba wa ukuta wa pili, uliona wapi? Huku nyumbani tungeona haya hata kupita njiani. Lakini kule tulijiona hatuhesabiwi, kwa hiyo nasi hatukuhesabu mtu.

Katika nyumba ya namna hiyo ndimo nilimokuleta. Filbert, ana miaka miwili, alikuwa mwenye nyumba. Anapanda juu ya maboksi, anamwaga uji, anapiga kelele mpaka apewe. Wewe ulikuwa unasimama mlangoni. Naomba maji. Naomba kwenda chooni. Siku moja nilikukuta unamwomba Filbert ruhusa ya kugusa mpira. Mtoto wa miaka saba anamwomba wa miwili.

Nilikuwa nakuambia kila siku, "Hapa ni kwenu." Wewe unaitikia, "Ndiyo mama," halafu unaomba. Ikafika mchana mmoja wa joto kali, ukaja kuniuliza kama unaweza kufungua dirisha. Nikakupiga kofi. Sikuwa nimekupiga kabla ya hapo. Nilikupiga kwa sababu umeniomba kufungua dirisha la nyumba yako mwenyewe, na ulisema asante. Sijui kwa nini ulisema asante. Nadhani ulichanganyikiwa. Mimi neno hilo bado ninalo.

Aliyenisaidia alikuwa MmaKabo, mpishi wa shule, yule jirani ambaye tulikosa kwenda kwenye msiba wake. Alikuja kudai ndoo yake, akaingia ndani kwa mara ya kwanza, akaangalia maboksi, akaangalia khanga za madirishani, akakuangalia wewe mlangoni. Hakuwa mtu wa kuzunguka. Aliniambia, "Mama, unataka mtoto akae kwenye nyumba ambayo wewe mwenyewe hujakaa?" Akachukua ndoo yake akaenda.

Nilikasirika siku nzima. Jioni nikachukua kisu nikakata selotepu ya maboksi yote manne. Baba yako aliporudi alikuta mapazia ya harusi yametundikwa na wewe umeshika pini mdomoni. Nilikuwa nimekuita unisaidie. Hukuuliza kama unaruhusiwa, kwa sababu mikono yako ilikuwa imejaa. Baba yako alisimama, akavua viatu, akasema, "Kumbe tulikuwa na mapazia mazuri hivi." Hakuitaja safari tena.

Nisikudanganye kwamba ulibadilika kesho yake. Ilichukua karibu mwaka. Ulianza kucheza na watoto wa MmaKabo, ukaanza kuniletea maneno ya Kitswana, ukaanza kuacha daftari zako popote. Kisha siku moja nikasikia kitu kimevunjika jikoni. Nikaingia, bilauri iko vipande vipande, na wewe unanitazama usoni unasema, "Si mimi, ni Filbert." Filbert alikuwa amelala. Nilikugombeza kwa sauti kubwa, na moyoni nilikuwa nacheka, nilitamani nikuletee bilauri nyingine uivunje. Wageni hawasemi uongo namna ile.

Ndiyo hayo. Sasa unajua kwa nini nimekuwa mkimya tangu Jumatatu, si presha kama unavyodhani.

Mengine ya huko sitakufundisha. Habari za maji ya kuchemsha, za kuweka nakala za pasi, za kumfunika Joeli kwenye ndege, wewe unazijua kuliko mimi. Lakini kuna moja la Zabron, maana nahisi mmelizungumza kwa mzaha tu. Anaacha kazi yake akufuate wewe. Mimi nilikuwa Zabron. Nilikuwa muuguzi hapa hospitalini, watu wananisalimu kwa cheo mpaka sokoni, na kule nikawa mke wa mwalimu wa hesabu. Miezi ya kwanza nilikuwa nafagia nyumba mara tatu kwa siku. Baba yako akirudi na hadithi za shule, mimi natafuta ugomvi, kisha sote wawili tunadhani tatizo ni chumvi kwenye mboga. Mumeo anacheka sana, anasema, "Mama, mimi nitakuwa baba wa nyumbani, fresh tu." Mwache acheke, lakini ukirudi kazini muulize ya kwake kabla ya kusimulia ya kwako. Akinuna bila sababu, sababu ipo. Na rafiki wa kwanza atakayempata huko, hata kama hakupendezi, mkaribishe nyumbani.

Huko uendako usiwe kama mimi. Mkifika, mfungue mabegi siku hiyo hiyo, hata mkiwa mnasinzia. Tundikeni mapazia. Akifa mtu nyumba ya pili, nenda, hata kama hujui lugha yao, kaa chini na wenzako. Huku Kasulu hakuna nyumba inayokusubiri uijenge. Hii niliyomo mimi inatosha, na mkija likizo mtalala humu humu kama kawaida.

Nimekatizwa mara tatu tangu nianze, na jua limeshazama. Nimalizie kwa haya ambayo hutapata nafasi ya kuyapinga.

Pasi ya Kadia mliichukua Kigoma pamoja na zenu, iko kwenye ile bahasha ya kaki. Nimeangalia. Tiketi yake ya ndege mlisema mtaibadilisha tarehe mkifika Dar, kwa hiyo bado ni ya siku ile ile yenu. Msiibadilishe, basi. Tiketi yake ya basi la kesho nimekwisha kuikata leo asubuhi, mstari mmoja nanyi, upande wa dirisha. Mwalimu wake nimemuaga kwa simu. Amesema shule zipo kila mahali, na Kifaransa atakipata barabarani kabla yenu, na mimi naamini hivyo.

Utasema, na wewe mama utabaki na nani? Nimelifikiria, sikukurupuka. Yule mwalimu msichana aliyeletwa kutoka Tanga, anayelalamika baridi ya Kasulu kila asubuhi na hajui kuwasha mkaa, anahamia chumba cha nyuma Jumamosi. Ana maneno mengi, nitajibiwa mpaka nichoke. Sitakuambia kwamba atakuwa Kadia. Nitamkosa mjukuu wangu kila siku, nitamkosa kwenye kila sufuria ya muhogo, na wewe nitakukosa kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini kumkosa mtoto aliye kwa mama yake ni maumivu ninayoyaweza. Yale mengine nimeshayajaribu.

Stendi nitakuja. Nikilia usishuke, na usimruhusu Zabron anibembeleze mbele za watu. Mwambie dereva aondoke.

Sasa liko moja la mwisho, na hili nililifanya makusudi ili usipate njia ya kurudi nyuma. Leo mchana nimemwambia Kadia kwamba anasafiri. Aliingia chumbani, akachelewa kutoka, nikadhani nimekosea tena. Nilipomchungulia alikuwa amevaa viatu vya shule na sweta, amekaa kitandani anangoja. Nikamwambia basi ni kesho. Akasema anajua. Chakula cha jioni amekila na viatu. Hivi ninavyoandika amelala navyo, nimejaribu kumvua, akaniambia akiwa amefumba macho kwamba akivua mtamwacha.

Ukifika usimvue.

Mama yako